Vua glavu, keti sakafuni: namna ya kumshika chinchila bila kuogopa meno yake

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza jinsi ya kumshika mnyama mdogo wa nyumbani bila hofu ya kuumwa. Dada aliyelileta anafuga chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mazito. Kila akiingiza mkono kizimbani mnyama anakimbilia kona, naye anaurudisha mkono upesi, na sasa ameamua kuvaa glavu za bustani. Ushauri wangu unaanzia kwenye glavu hizo: zivue.

Glavu nene zinakunyima hisia za vidole. Chinchila mzima ana uzito wa gramu 400 hadi 600 hivi, lakini sehemu kubwa ya umbo unaloliona ni manyoya. Mwili wenyewe ni mwembamba, mbavu zake ni laini, na akibanwa kifuani hawezi kuvuta pumzi. Ukiwa na glavu hujui unambana kiasi gani. Isitoshe, anachokizoea ni harufu ya glavu, kwa hiyo siku utakapozivua mtaanza upya.

Inafaa kujua pia anakotoka. Ni mnyama wa milima ya Andes, Amerika Kusini, na wengi wanaofugwa leo ni uzao wa wale wachache ambao Mathias Chapman, mhandisi wa migodi kutoka Marekani, aliwachukua Chile na kuwafikisha California mwaka 1923. Kule milimani adui zake ni mbweha na bundi. Mkono unaoshuka kutoka juu kupitia mlango wa darini mwa kizimba, kwake ni kucha za ndege. Kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Ya pili ni kuachia manyoya: ukimkamata kwa nguvu, kishungi kizima kinabaki mkononi mwako, naye amekwenda, na pengo hilo huchukua wiki nyingi kujaa. Ya tatu, hasa kwa jike, ni kusimama kwa miguu ya nyuma na kurusha mkojo. Kuuma kunakuja mwisho. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba chinchila anayeuma kwa hofu amekwisha kukuonya, ila hukumsikia. Maonyo yenyewe ni mwili kukakamaa, masikio kulala nyuma, kugonganisha meno, au sauti kavu ya kubweka.

Si kila mguso wa meno ni kuuma, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtazame kwa karibu anapoukaribia mkono uliotulia. Ndevu zinatangulia, pua inatembea juu ya ngozi, halafu meno ya mbele yanapita pembeni mwa ukucha kwa midonoo midogo ya haraka haraka, mithili ya sindano ya cherehani. Hapo anakusafisha kama anavyomsafisha mwenzake, na hupati hata alama. Namna ya pili ni ya kuonja: anakishika kidole kwa mikono yake miwili, anaweka meno, anakaza taratibu ili ajue kama ni chakula. Ukitulia anaachia. Ukivuta ghafla, anakaza zaidi ili kisimponyoke, na ngozi inachanika. Vidonda vingi vinavyolaumiwa kwa ukali wa mnyama vimetokana na kuvuta. Kuuma kwa hofu ni tofauti kabisa: ni mara moja, haraka, na mara nyingi kunatoa damu.

Basi kazi ni kuufundisha mkono wako utulivu kabla ya kumfundisha mnyama lolote. Osha mikono kwa sabuni isiyo na manukato, suuza vizuri, kausha. Vidole vinavyonuka embe au karanga vitaonjwa tu. Mwache mgeni siku chache za kwanza bila kumgusa, umwekee nyasi kavu, chakula na maji, uongee naye kwa sauti ya chini. Baada ya hapo chagua jua likishazama, kwa kuwa huo ndio wakati wake wa kuchangamka. Kumtoa usingizini mchana ni kutafuta ugomvi.

Ingiza mkono kupitia mlango wa ubavuni, chini ya usawa wa macho yake, ukiwa umekunja ngumi legevu huku mgongo wa mkono ukimwelekea. Ngumi haina kidole cha kung'atwa, na hilo peke yake litakuondolea nusu ya woga. Uweke sakafuni mwa kizimba, utulie dakika tano hadi kumi. Usimfuate. Akija akanusa akaondoka, somo la leo limetosha. Anapokuja mwenyewe bila kusita, fungua kiganja, weka punje chache za oti kavu zisizo na sukari katikati yake, vidole vikiwa vimenyooka na kubanana. Usimpe chakula kwa ncha za vidole wala kupitia matundu ya waya, maana hapo unamzoesha kwamba kila kinachopenya wayani kinaliwa. Zabibu kavu ziache: sukari yake inamvuruga tumbo. Oti nazo ziwe kijiko cha chai kwa siku, au pungufu ya hapo.

Hatua inayofuata ni kumkuna. Anza chini ya kidevu, kisha nyuma ya sikio, kidole kikitokea mbele au ubavuni anakoweza kukiona. Akifumba macho na kuinua kidevu, endelea. Akisukuma kidole chako kwa mikono yake, amekataa, ondoa mkono pole pole. Wapo wasiopenda kabisa kuguswa mgongoni na watabaki hivyo maisha yao yote. Kalenda isikuongoze hapa. Mmoja atapanda mkononi ndani ya wiki mbili, mwingine atahitaji miezi.

Kumnyanyua kufanyike ukiwa umeketi sakafuni, ndani ya chumba kidogo kilichofungwa. Bafu linafaa sana, mradi kifuniko cha choo kimeshushwa na nafasi zilizo nyuma ya mabomba zimezibwa. Sababu ya kuketi ni miguu yake: mifupa ya nyuma ni mirefu na myembamba, ina nyama kidogo tu, na anayeruka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama anaweza kuvunjika. Pitisha kiganja kimoja chini ya kifua, nyuma tu ya mikono yake. Kiganja cha pili kibebe makalio na miguu ya nyuma. Mlete mara moja kifuani pako. Chinchila ambaye miguu yake inaning'inia hewani hupiga mateke na kutafuta cha kuuma, na yule ambaye miguu yake imekanyaga kitu kigumu hutulia. Akitaka kuruka, shika shina la mkia pale unapokutana na mwili, huku uzito wote ukiwa bado kwenye kiganja. Ncha ya mkia usiishike kamwe, kwani ngozi yake inaweza kuvuliwa. Mara ya kwanza sekunde kumi zinatosha. Mrudishe kabla hajaanza kufurukuta, mpe punje ya oti. Akizoea kwamba kufurukuta ndiko kunakomfanya aachiwe, atafurukuta kila mara.

Kuna siku itakubidi umtoe naye hajawa tayari, mathalani kizimba kinasafishwa. Usimkimbize. Ingiza chombo cha vumbi lake la kuogea, lile laini la mawe ya volkano, mwache aingie ajigaragaze, kisha ufunike mdomo wa chombo kwa mkono na umhamishe nacho. Hiyo ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna anayemkamata mwenzake.

Watoto wadogo wakae sakafuni na mkono wazi mapajani, wamsubiri apande mwenyewe. Wasimbebe, maana mtoto akiogopa hubana.

Joto nalo lina nafasi yake katika habari hii. Chumba kikizidi nyuzi 25 za Selsiasi anaanza kuteseka, na nyuzi 30 pamoja na unyevu zinaweza kumuua. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat bila kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana asimfuge kabisa. Hata kwenye ubaridi, mkono wa mtu una joto lake, kwa hiyo usimshikilie kifuani muda mrefu. Masikio yakiwa mekundu na ya moto, mrudishe.

Akikuuma kweli, usipige kelele, usimpige, wala usimpulizie usoni. Usivute kidole: kisukume kidogo kuelekea kwake, ataachia. Osha kidonda dakika tano kwa maji yanayotiririka na sabuni, na mwone daktari kikivimba, kikitoa usaha, au kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati. Mkono huo huo urudi kizimbani siku hiyo hiyo, ukiwa umekunjwa ngumi, hata kwa dakika moja.

Mnyama aliyekuwa mpole miezi mingi akianza kuuma ghafla, mtazame kinywa. Meno yake yote hukua maisha yake yote, na magego yakiota ncha kali huchoma ulimi na mashavu. Dalili ni kidevu kulowa mate, jicho kutoa machozi, kudondosha chakula, kinyesi kuwa kidogo kidogo. Meno ya mbele yenye afya yana rangi ya manjano iliyokolea au ya chungwa. Yakipauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ulizia mapema ni kliniki ipi inayopokea wanyama wa jamii hii, kwa kuwa si kila daktari wa mifugo amewahi kutazama magego ya chinchila.