Kabla hujapakua programu nyingine, hakikisha kila mwanafunzi anajibu

Mleta mada, umesema una projekta, simu yako moja na wanafunzi 38 wa fizikia, na nusu yao wanasinzia kabla hujamaliza utangulizi, ukauliza utumie programu gani kuwaamsha. Nimefundisha somo hilo miaka 14, hali hiyo naijua vizuri. Waliotangulia wamekutajia programu lukuki, mimi nitakusimulia yaliyonikuta.

Nilianza na Kahoot, mchezo wa chemsha bongo ambao kila jibu lina rangi yake ya kubonyeza, wanafunzi wakichangia vishikwambi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa shangwe tupu. Ya tatu nikagundua wanaoshinda ni walewale wanne. Mchezo ule unampa pointi nyingi anayewahi, kwa hiyo anayefikiri polepole anaishia kubonyeza rangi yoyote ilimradi. Binti mmoja mkimya, ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, aliniambia, "Mwalimu, mimi nikiwa bado nasoma swali, wenzangu washamaliza." Muda unaweza kuuongeza, najua, ila darasa likishazoea mbio halirudi nyuma kirahisi.

Nikahamia Plickers, programu ya kukusanya majibu kwa simu moja tu ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wake na namba yake. Akitaka kujibu A, anaigeuza kadi mpaka A iwe juu. Wewe unapitisha kamera ya simu darasani, majibu yanaingia yenyewe. Kuigilizia ni kazi, kwa sababu michoro haifanani na herufi ni ndogo sana. Chapisha kwenye karatasi ngumu, usitie plastiki inayong'aa maana kamera inashindwa kusoma, na wafundishe wasizibe mchoro kwa vidole.

Lakini kadi zenyewe hazifundishi. Siku iliyonibadilisha niliuliza hivi: balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfuatano kwenye betri moja, ipi inawaka zaidi? Waliojibu kwamba zinalingana walikuwa 17 kati ya 38. Karibu wote waliobaki walichagua balbu ya kwanza. Zamani ningesahihisha papo hapo. Safari hii sikuonyesha matokeo, nikawaambia kila mmoja amtafute aliyejibu tofauti naye, amshawishi.

Nikasimama nyuma ya vijana wawili. Mmoja anapitisha kalamu juu ya mchoro: "Umeme unafika hapa kwanza, balbu hii inakula, ile inapata makombo." Mwenzake akamwuliza, "Sasa ukishaliwa, betri inarudishiwa nini?" Kalamu ikasimama. Nilitamani kuingilia, nikajizuia. Tulipopiga kura tena, 33 walipata. Ndipo nikafungua saketi ya PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, nikaionyesha kwenye projekta, tukaweka ammita, yaani kipima mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ileile mara tatu. Aliyekuwa na kalamu alisema "aaah" mpaka darasa likacheka.

Mbinu hiyo ya kupiga kura, kujadiliana na kupiga kura tena si yangu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliianza mwaka 1991. Kanuni inayotumika sana ni kwamba waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wajadiliane. Chini ya hapo, rudia kufundisha, maana watapotoshana. Juu ya hapo, eleza kwa kifupi uendelee. PhET ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, haina malipo, na majaribio yake mengi unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti.

Kazi kubwa ni kutunga swali. Majibu ya uongo ya kubuni kichwani hayamnasi mtu. Mimi huyatoa kwenye madaftari ya mwaka uliopita, yaani makosa yenyewe kama yalivyoandikwa. Swali moja zuri hunichukua nusu saa, ndiyo maana siulizi zaidi ya mawili kwa kipindi.

Kitu kingine kilichonifaa ni kurekodi sauti. Kikundi kinaeleza jaribio kwa dakika moja kwenye simu yangu, darasa linasikiliza na kutafuta palipokosewa. Video niliziacha, muda wote uliishia kwenye kupozi. Slaidi zenye vitu vinavyorukaruka nazo niliziacha, hata sijazikumbuka.

Halafu chapisha kadi za akiba. Namba 7 kwangu imepotea mara tatu muhula huu, na kila mara mwenyewe anaapa kwamba aliiacha juu ya meza yangu.