Ukiitwa kwenye mashine ya uongo kabla ya kuajiriwa

Watu walioitwa kupimwa na poligrafu, ile mashine ya kubaini uongo, huniuliza swali moja: nifanyeje nisionekane mwongo wakati sina ninachoficha? Jibu langu huwa haliwaridhishi. Kazi kubwa haiko kwenye mashine. Iko kwenye fomu uliyoijaza zamani, na kwenye maongezi marefu na mpimaji kabla hajakufunga waya hata mmoja.

Mimi niliipitia nilipoomba kazi ya kusimamia fedha za watu. Usaili wa kawaida ulishapita, wadhamini walishapigiwa simu, kikabaki kipimo hicho tu. Nilitegemea kuingia, kukaa, kufungwa nyaya na kuhojiwa. Kumbe muda mwingi ulikwenda kwenye maneno. Mashine yenyewe ilikuja mwishoni, na haikukaa sana.

Ijue basi, ili uiogope kwa kiasi chake. Unavishwa mirija miwili, mmoja kifuani na mwingine tumboni, inayofuatilia unavyovuta pumzi. Mkono mmoja unafungwa mkanda wa kupimia presha, na vidole vya mkono wa pili vinabanwa vibati vidogo vinavyosoma jasho. Viti vingine vina pedi inayohisi ukijitikisa. Basi. Hakuna kinachosoma mawazo. Mashine inachora mistari, binadamu mwenzako anaitazama na kuamua. Na uongo hauna alama yake peke yake mwilini: hofu, aibu, hata hasira ya kuulizwa jambo linalokudhalilisha, vyote vinaweza kuipandisha mistari ileile.

Ubishi kama mashine hii inaaminika ni wa zamani kama mashine yenyewe, tangu John Larson, polisi wa Berkeley kule California, alipoitengeneza mwaka 1921. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosema kwamba usahihi wake hautoshi kuitegemea katika kuchuja wafanyakazi. Wakatoa hesabu ya mfano: chukua wafanyakazi 10,000, na 10 kati yao ni majasusi. Ukiitegesha mashine iwanase majasusi 8, itawaangusha pamoja nao watu karibu 1,600 wasio na kosa lolote. Kinyume chake nacho kipo. Aldrich Ames wa CIA alipimwa mwaka 1986 na tena 1991 huku akiwauzia Warusi siri, akapita mara zote mbili. Alikuja kukamatwa mwaka 1994.

Nakupa haya upate utulivu, si upate hoja za kumbishia mpimaji. Sera ya kuwapima waombaji kazi si yake, na ukianza na hotuba ya sayansi atajiuliza unakimbia nini.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta nakala ya kila ulichomjazia mwajiri na uisome upya: tarehe za kazi za nyuma, sababu za kuziacha, madeni, kesi, ulevi, bangi ya ujanani kama ipo. Maswali mengi yatatoka humo. Mtu anaweza asiharibiwe na jambo kubwa, akajikanyaga kwenye dogo: fomu inasema aliacha kazi kwa hiari, mdomo unasema alitofautiana na bosi. Ukikuta kosa kwenye fomu, lisahihishe wewe mwenyewe mwanzoni mwa maongezi, kabla hujaulizwa.

Halafu yanakuja maongezi. Maswali utakayoulizwa ukiwa na nyaya husomwa yote kabla. Kwa utaratibu wa kawaida hakuna la kuvizia. Hapa ndipo pa kuuliza kila neno lina maana gani. Niliulizwa kama nimewahi kuchukua mali ya mwajiri. Nikasema kalamu, ndiyo, na karatasi za ofisi nilizochapia mambo yangu binafsi. Mpimaji akaandika bila kubadilisha uso, kisha akalisoma swali upya: "Ukiacha hayo uliyoniambia, umewahi kuchukua mali ya mwajiri?" Hapo kwenye "ukiacha hayo" ndipo penye nafuu yako. Kile kilichokuwa kinakukaba kooni kimeshatoka, na sasa unaweza kujibu hapana kwa moyo mweupe.

Ila usikigeuze chumba kile kuwa mahali pa toba. Sema jambo, lini lilitokea, liliishia wapi, unyamaze. Mpimaji ni mkarimu, anakuachia ukimya, na ukimya ule una njaa. Wengi huulisha mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Utakachosema kinaweza kuandikwa na kumfikia mwajiri, hata kama mashine haijawashwa.

Kuna mchezo mmoja ambao huenda ukauona. Unaambiwa uchague namba, uiandike, kisha ukatae kila namba atakayoitaja, pamoja na ile yako. Baadaye anakuonyesha mchoro na mahali mstari ulipoparuka. Nilionyeshwa wangu, na nakiri ulinitisha kidogo. Lakini lengo la zoezi ni hilohilo, uamini mashine haikosei. Mara nyingi namba anakuwa anaijua tayari. Itikia kwa kichwa, endelea.

Kipimo chenyewe kinachosha zaidi ya kutisha. Unatazama ukuta, miguu chini, hutikisiki, unajibu ndiyo au hapana, kisha kimya cha sekunde ishirini na kitu kabla ya swali lingine. Mkanda unabana hadi vidole vinakufa ganzi. Seti ileile ya maswali hurudiwa, na katikati yake yamo mapana ya aina ya "umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Hayo huwa ya kulinganishia tu, na karibu kila mtu moyo unamdunda. Usijihukumu katikati ya safari.

Mtandaoni utakutana na walimu wa kubana misuli, kung'ata ulimi na kuhesabu pumzi. Achana nao. Wapimaji wamefundishwa kuvitafuta vitu hivyo, na mtu msafi akidakwa anacheza na pumzi anaondoka na doa ambalo ukweli wake usingemletea. Lala usiku, kula kama kawaida, na dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache, mtajie mpimaji. Kama una ugonjwa wa moyo, shida ya kupumua au ni mjamzito, sema siku unapopangiwa miadi, si ukiwa kitini.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni baada ya nyaya kufunguliwa. Mpimaji anavuta kiti karibu, sauti imepoa, anasema kuna swali moja "linakusumbua", je, kuna kitu ungependa kukieleza? Anaweza kuwa ameona kitu kweli, anaweza kuwa anauma na kupuliza. Kwako hakuna tofauti. Kama umekumbuka jambo halisi, lieleze. Kama hakuna, sema: "Nimeshaeleza yote ninayoyajua." Ukiulizwa tena, jibu lilelile, maneno yaleyale. Usianze kubahatisha: "labda ni kwa sababu siku ile..." Labda hiyo ndiyo itakayoandikwa, na huwezi kuifuta.

Ukiambiwa hukupita au matokeo hayakueleweka, uliza kama kuna kurudiwa na kama uamuzi unaweza kupitiwa na mpimaji mwingine. Uliza kwa maandishi. Angalia pia sheria ya mahali ulipo. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inawakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima waombaji kazi, ingawa serikali haiguswi na baadhi ya kampuni za ulinzi na za dawa zimeachiwa mlango. Ukifika nyumbani andika tarehe, maswali unayoyakumbuka na ulivyojibu. Mwajiri mwingine akija kukuuliza kama umewahi kupimwa, mwambie ndiyo na umpe matokeo kama ulivyopewa, bila kuyapamba wala kuyaombea radhi.