Kabla ununue rauta ya godauni, soma hii kwanza

Juzi kijana mmoja wa Kariobangi ameniandikia inboksi, anauliza anunue rauta gani kubwa ya godauni ya bosi wake maana skana za mzigo, vile vimashine vya kusoma barcode na kutuma hesabu kwa WiFi, zinakatikakatika. Mdogo wangu, hiyo pesa rudisha mfukoni.

Mimi nilianza na kuvuta waya maofisini, na kuna meneja aliniambia mbele ya watu eti mambo ya WiFi niwaachie waliosoma. Sijasahau. Sasa wiki iliyopita nimemaliza kazi Industrial Area, godauni ya maji ya chupa, na waliokuwa wamefanya kabla yangu ni hao hao waliosoma, wanakuja na magari ya rangi. Walipima signo godauni ikiwa tupu! Stoki ilipojaa ikafa, kwa sababu maji yanameza mawimbi ya redio na rafu za chuma zinayarudisha, hivyo katikati ya rafu skana inazungusha kaduara tu na yule dada wa stoo anarudia daftari lake. Wao dawa yao ilikuwa kuongeza nguvu ya antena mpaka mwisho.

Mimi nilipunguza. Mteja alidhani nimerukwa na akili. Lakini skana ni kitu kidogo, inasikia antena ya mbali ikipiga kelele inaing'ang'ania, kumbe yenyewe ikijibu sauti haifiki. Nikaweka antena ndogo kwa kila njia, nguvu chini, chaneli 1, 6 na 11 zikipokezana maana kwa 2.4 GHz, bendi moja ya WiFi, hizo ndizo hazigongani, na skana zinazoshika 5 GHz, bendi nyingine ya WiFi, sio 5G ya simu, nikazihamishia huko kwenye nafasi zaidi. Siku hizi dada anaskani akitembea mpaka ukuta wa nyuma na hesabu inaingia ofisini hapo hapo.

Vijana amkeni jamani, viwanda, hospitali, supamaketi, wote wanatupa madaftari. Safaricom walipoanza kuuza 5G 2022 kuna watu walisema WiFi imeisha, ebu ingia ndani ya mabati uone kama ile ya mnara itakufuata vizuri. Pima mzigo ukiwa umejaa, tembea na skana yenyewe sio simu yako ya bei, tembea tena.

Na hiyo kazi ya kupima itisha pesa yake kando kabla hujataja rauta. Bosi akikataa, muache aite wale wa magari ya rangi.