Mnaoingia timu ya roboti ya hospitali, anzieni wodini
Karibuni sana wadogo zangu. Najua wengi mmekuja na picha ya roboti yenye mikono na uso unaoongea, na zile tano za Rwanda za mwezi wa 5 2020, Akazuba na wenzake, kila mtu aliziona. Sasa angalieni kazi zilizopewa: kupima watu joto, kupeleka vitu kwa wagonjwa wa Korona ili madaktari na manesi wasiingie ovyo ovyo. Mwaka huohuo wanafunzi wa pale École Supérieure Polytechnique, Dakar, wakatengeneza Docteur Car, kigari chenye kamera kinachopima joto na presha daktari akiwa mbali. Kazi chache, na unajua kabisa nani anapumzishwa.

Kwa hiyo kabla hamjagusa kodi, yaani programu ya kuendesha roboti, ombeni ruhusa kwa sista inchaji, mkae wodini zamu nzima, muone nesi anatembea wapi na wapi, anabeba nini, nini kinamrudisha stoo kila mara. Nendeni na futi. Pimeni milango, vizingiti, nafasi kati ya kitanda na kitanda, na mpime saa ambayo ndugu wamekuja kuona wagonjwa maana hapo korido inakuwa nyembamba kweli, vikapu chini, ndoo, watu wamekaa.

Muulizeni na anayefanya usafi, huyu timu nyingi zinamsahau. Wodini vitu vinafutwa kwa klorini, asilimia 0.5 kwa kawaida, na klorini inakula chuma. Waya zikiwa nje, skrubu zinazoshika kutu, plastiki ya printa ya 3D yenye mistari mistari inayokaa uchafu, hiyo roboti itabeba vijidudu kitanda hadi kitanda, bora isingekuwepo.

Upande wa umeme: ile sensa ya kupima umbali, HC-SR04, inatumia mwangwi, na pazia au shuka linameza sauti, so msiitegemee peke yake, wekeni na bampa yenye swichi mbele. Pini yake ya eko, inayorudisha jibu, inatoa volti 5 wakati ESP32, kile kibodi kidogo ambacho ndicho ubongo wa roboti, inataka 3.3, wekeni resista mbili za kugawa volti. Mota na ubongo visinywe umeme wa njia moja bila kuchujwa, mota ikianza kuvuta volti inashuka na ESP32 inajizima na kuwaka upya njiani. Swichi nyekundu ya dharura ikate umeme wa mota wenyewe, isipitie kwenye kodi, hili sibishani na mtu.

Taa za UV-C za kuua vijidudu ziacheni kwanza, zinaumiza macho na ngozi.

Siku ya kujaribu bebesheni maji, sio dawa, tena mbali na wagonjwa. Sista aiendeshe mwenyewe, nyie kaeni pembeni kimya msimuelekeze, popote atakaposita andikeni, ndo kazi yenu ya wiki inayofuata.