Jengo la maabara ya utafiti: kabla ya meza za magurudumu, uliza hewa itapita wapi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: chuo chenu hapo Dodoma kinajenga maabara ya ghorofa tatu kwa utafiti wa malaria, kifua kikuu na vinasaba. Mshauri ameleta mchoro wa ukumbi mmoja mpana kila ghorofa, meza za magurudumu na kuta za vioo, na anasema hivyo ndivyo jengo litakavyobadilika na miradi na watafiti watashirikiana. Wewe unataka kujua kama ni kweli.

Nimekaa kwenye meza za maabara muda mrefu katika kituo kimoja cha utafiti ukanda wa pwani, kisha nikahamishiwa upande wa kusimamia jengo na mitambo. Kwa nilichokiona, meza ni jambo la mwisho kabisa. Kinacholifanya jengo likubali au likatae mabadiliko ni njia za hewa, maji, umeme na gesi, na nafasi mliyoziachia. Meza utanunua wakati wowote. Slabu ya zege ikishamwagwa, kuitoboa ni habari nyingine.

Nikupe mfano mmoja. Mradi wetu wa vimelea vya malaria uliisha, ukaja wa kifua kikuu. Kuta za ndani zilikuwa za jipsam, mafundi wakazitoa haraka bila shida. Shida ikawa hewa. Chumba cha kuotesha bakteria wa TB kinatakiwa kivute hewa kutoka korido kuingia ndani, kisiachie irudi, halafu hewa hiyo ipite kwenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana kama bakteria, na itolewe juu ya paa. Tulipoangalia, dari ilikuwa imegusana na boriti nene, hakuna pa kupitisha bomba la hewa. Shimo la kupandishia mabomba lilikuwepo moja, nalo limejaa nyaya. Ikabaki kutoboa slabu mbili. Walipoanza tu, mtikisiko ukafika kwenye darubini za ghorofa ya chini, vumbi likaingia kwenye vyumba vya kuoteshea seli, wenzetu wakasimamisha kazi. Mwisho chumba cha TB kikajengwa ndani ya kontena uani, na jengo lililosifiwa kwa ukumbi wake mpana likabaki linatazama. Fedha iliyotumika pale ingetosha kuongeza kimo cha kila ghorofa tangu mwanzo.

Somo hili lina historia. Louis Kahn, msanifu wa Marekani, alijenga maabara za Richards za Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa sura zilisifiwa sana, lakini watafiti walilalamika: vyumba vidogo ndani ya minara, jua linawapiga machoni hadi wakawa wanaziba madirisha wenyewe. Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, alipomtaka amjengee taasisi kule La Jolla, California, Kahn alibadilisha mpango. Juu ya kila ghorofa ya maabara akaweka ghorofa nzima ya mabomba, yenye kimo cha mtu kusimama na kutembea. Mhandisi wake, August Komendant, akabuni boriti kubwa zenye nafasi wazi katikati, zinazobeba mzigo kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo ukumbi wa maabara hauna nguzo hata moja ndani. Fundi anapanda juu, anafungua mfuniko kwenye mpenyo wa dari, anashusha bomba au waya pale mtafiti anapotaka, na walio chini wanaendelea na kazi. Jengo lilikamilika 1965 na bado watu wanafanyia utafiti humo, tena kwa mashine ambazo Salk mwenyewe wakati ule hakuzijua.

Ghorofa ya mabomba kwa kila sakafu ni ghali, sidhani kama bajeti yenu inaimudu. Lakini wazo lenyewe mnaweza kulichukua kwa gharama ndogo. Dai kimo cha mita 4.2 au zaidi kutoka sakafu hadi sakafu, ukipewa 3.2 kama za ofisi, umeshindwa kabla hujaanza. Weka mashimo ya kupandishia mabomba kwenye ncha mbili za jengo, na mkandarasi aache theluthi moja tupu. Mabomba makuu yapite juu ya korido, na kila kizio cha maabara kiwe na tawi lake lenye valvu, liwe linatumika au limezibwa. Kizio ninachosema ni upana wa kama mita 3.3: meza ya sentimita 75 upande huu, nyingine 75 upande ule, mita moja na nusu ya watu kupishana, kilichobaki ni unene wa ukuta na mabomba. Nguzo, madirisha, soketi na taa vikifuata kipimo hicho, unaweza kuweka ukuta au kuutoa popote bila taa kubaki nusu huku nusu kule.

Kuhusu ukumbi wazi, hapa nakuomba usikubali kirahisi. Kabineti ya usalama wa kibayolojia, yaani kabati lililo wazi mbele la kufanyia kazi na vimelea, inamlinda mtu kwa pazia la hewa linaloingia mbele kwa mwendo wa kama nusu mita kwa sekunde. Mtu anayepita nyuma yako kwa haraka anatembea zaidi ya hapo. Mlango ukifunguliwa karibu, kiyoyozi kikipuliza kutoka juu, au mtu akawasha panga boi kwa sababu ya joto, lile pazia linavunjika na wewe hujui. Kwa hiyo kabineti zinataka pembe tulivu, mbali na njia ya watu.

PCR, kipimo kinachozalisha nakala nyingi za DNA ili ugonjwa uonekane, nayo ina masharti yake. Chumba cha kuchanganyia dawa za kipimo, chumba cha kuongezea sampuli, na chumba cha mashine pamoja na kufungua mirija iliyokwisha kuzalisha: watu na vifaa vinakwenda upande mmoja tu, havirudi. Mrija mmoja uliomaliza mzunguko una nakala za DNA nyingi kupita kiasi, na tone lisiloonekana likirudi chumba cha kwanza, kila sampuli itaonekana ina ugonjwa. Kwenye ukumbi wazi huwezi kulizuia hilo kwa kubandika tangazo ukutani. Mimi ningegawa kila ghorofa hivi: katikati ukumbi wa kazi za kawaida, huo ubadilike mnavyotaka, upande wa ndani vyumba vilivyofungwa vya TB, seli, PCR na darubini. Darubini nyeti ziwe chini kabisa, juu ya udongo.

Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zisikae ndani ya maabara. Zinatoa joto mchana na usiku, zinapiga kelele, na kiyoyozi kinachohangaika nazo ndicho kinachokula bili ya umeme. Zipeni chumba chake ghorofa ya chini, chenye njia ya hewa ya moto kutoka, laini ya jenereta, stabilaiza, na friza moja tupu inayowaka kusubiri mwenzake afe. Naitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali ya kugandishia sampuli, iwe hapo hapo jirani, chumba chenye madirisha na king'ora cha oksijeni, kwa sababu lita moja ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo husukuma oksijeni nje ya chumba na kumwangusha mtu bila harufu wala onyo.

Sasa ushirikiano. Max Perutz, aliyeongoza maabara ya biolojia ya molekuli ya Cambridge iliyofunguliwa 1962, alihakikisha kuna kantini, na mkewe Gisela ndiye aliyeisimamia. Asubuhi kahawa, mchana chakula, jioni chai, na watu wa idara zote meza moja. Huko kwetu niliona jambo hilo hilo: mtu wa mbu na mtu wa kinga ya mwili walianza mradi wa pamoja wakisubiri mashine ya barafu, kwa sababu ilikuwa moja kwa jengo zima. Kwa hiyo mashine kubwa za pamoja ziwekeni katikati, ngazi iwe pana na yenye mwanga ili watu waipendelee kuliko lifti, na sehemu ya chai iwe nje ya mlango wa maabara, njiani, mahali ambapo kila mtu lazima apite akishavua koti. Madawati ya kuandikia yawe upande huo huo safi, kukiwa na kioo cha kuona ndani. Mtu akilazimika kushuka ghorofa mbili kwenda kunywa chai, atakunywa mezani kwake, na kwenye maabara ya TB hilo halikubaliki.

Kikao kijacho usimuulize mshauri rangi ya meza. Mwombe mchoro wa kukata jengo wima unaoonyesha boriti, dari na mabomba ya hewa kwa pamoja, halafu mwambie achague chumba chochote cha ghorofa ya kwanza na akueleze kingegeuzwaje kuwa daraja la 3 la usalama wa kibayolojia, lile la vimelea vinavyoenea kwa hewa kama TB, bila kusimamisha kazi ya vyumba vya jirani. Akikupa mchoro huo uweke hapa, nitaupitia, na kuna mafundi wa viyoyozi humu jukwaani wanaojua kazi hii kuliko mimi.