Barua kwa mwanangu aliyeniuliza mawazo ya michoro nayatoa wapi

Kizota, Dodoma
Jumapili jioni, mwishoni mwa Septemba

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na kikohozi cha baba yako kimepungua tangu alipokubali kuumwagia uwanja maji kabla ya kuufagia, jambo ambalo nimelisema mwaka mzima bila ya kusikilizwa.

Juzi usiku ulinitumia ujumbe wa sauti ukaniuliza: "Mama, umetengeneza batiki zaidi ya miaka ishirini na tano, tena hujawahi kuishi nje ya mkoa wa Dodoma. Mawazo mapya unayatoa wapi? Mimi nimekauka kabisa." Ukaongeza kwamba msimamizi wako kazini amekurudishia michoro mitatu kwa sababu inafanana na ile anayoiona kwenye simu kila asubuhi. Nilianza kukujibu kwa sauti vilevile, nikajikuta nazunguka nisifike, kwa hiyo nimeona ni afadhali nikuandikie.

Unavikumbuka vitambaa vyangu vya nyufa, yaani mistari ambayo rangi huiacha inapopenya kwenye nta iliyopasuka, vile ambavyo shangazi zako walivishonea sare ya harusi ya binamu yako? Kabla ya kuvipata vile, nyufa zangu zilikuwa zikinikera. Nilikuwa nikipaka nta jora zima, nikingoja igande, kisha nikikivuruga kitambaa chote kwa mikono na kukichovya katika rangi. Nyufa zikatoka kila mahali kwa ukubwa mmoja, kama nywele zilizomwagika sakafuni kwa kinyozi. Wateja walinunua bila kulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa sipendi, na nilikuwa siwezi kusema hasa nisichokipenda ni nini.

Mwaka ule ulipoingia kidato cha kwanza tulikwenda Bahi kwenye msiba wa mama wa jirani yetu. Baada ya mazishi, nikiwa nasubiri basi linalotoka Manyoni, nilitembea hadi kwenye majaruba ya mpunga yaliyokuwa yamekauka, nikaona tope lililopasuka. Si kwamba sikuwahi kuliona tope la Bahi, maana nilikuwa nimepita pale mara zisizo na hesabu; lakini siku ile nilikuwa na ugomvi na nta kichwani, nami nikachuchumaa na gauni langu la msibani. Niliona kwamba ziko nyufa kuu, ndefu na pana, ambazo bila shaka zilitangulia, na ziko ndogo zilizozaliwa baadaye ubavuni mwa zile kuu. Ufa mdogo ulipoukuta mkubwa uliishia hapohapo, ukaugonga kwa pembe mraba kama njia ya mtaani inavyoingia barabara ya lami, wala sikuuona hata mmoja uliouvuka mkubwa na kuendelea ng'ambo. Nilikaa nikijiuliza sababu, nikaipata: tope linapokauka hujivuta, nalo huchanika mahali linapovutwa, na pale palipokwisha kuchanika hapana tena kitu cha kuupitisha mvuto upande wa pili.

Kesho yake nilianza upya. Nilikikunja kitambaa chenye nta mara nne au tano tu, mikunjo mirefu, nikakichovya katika kahawia hafifu. Kilipokauka nilikishika kipande kwa kipande, nikavivunja vile vyumba vilivyobaki kwa ncha za vidole, nikakichovya katika rangi iliyokoza. Nyufa kuu zikanywa rangi mara mbili na ndogo zikanywa mara moja. Nilipokichemsha na nta ikatoka, kitambaa kilikuwa na mifupa na nyama. Basi mwanangu, ukiniuliza wazo lile lilitoka wapi, nitakujibu kwamba nusu yake ilitoka Bahi na nusu nyingine nilikwenda nayo mwenyewe kutoka nyumbani, ikiwa katika umbo la kero.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lako lilipo, kama utaniwia radhi kwa kusema waziwazi. Uliniambia kwamba Jumamosi iliyopita ulikwenda ufukweni "kutafuta mawazo" na ukarudi na picha mia moja na ishirini. Ulitafuta nini hasa? Mtu anayekwenda sokoni bila kujua nyumbani kumepungua nini hurudi na vitu vya kuchekesha, na chumvi akaisahau. Kabla hujatoka, jiulize ni kitu gani katika mchoro ulionao mezani kimekataa kukaa: je, ni pindo lisiloshikana na mji, yaani sehemu ya katikati ya kitambaa, au ni rangi mbili zinazogombana? Kichukue hicho uende nacho. Bahari ni ileile ya kila siku, lakini utaikuta imekuwekea kitu.

Nikueleze pia kosa langu, kwa sababu nalo lilitokana na matembezi. Unajua nimezaliwa karibu na Kolo, kule Kondoa, chini ya vile vilima vyenye michoro ya kale ya miambani. Baada ya UNESCO kuiingiza michoro ile katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wageni waliokuja kwenye meza yangu walianza kuniulizia, nami tamaa ikanishika. Nilichonga mihuri ya sponji ya wale watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, nikachonga na twiga, nikaipiga juu ya kitambaa cha rangi ya udongo. Vitambaa vyote viliuzwa. Sikukuu ya Idd nilimpelekea shangazi yangu kimoja kama zawadi. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa umewatoa kwenye jiwe ukawaning'iniza hewani." Kisha akanikumbusha kwamba pale Mungomi wa Kolo watu wa kwetu wangali wanakwenda kufanya matambiko, akakikunja kitambaa na kukiweka sandukuni, na mpaka anafariki sikuwahi kumwona amekivaa.

Niliona haya, lakini pia nilitaka kujua alimaanisha nini kuhusu jiwe. Nilirudi mwenyewe siku ya tatu, nikajiandikisha katika ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, nikapanda na kijana anayeongoza wageni. Nilimwomba aniache nikae. Mara zote za nyuma nilikuwa nikiangalia umbo moja moja, twiga yule na mtu yule, kama mtu anayechagua vitenge kwenye kamba. Safari hii nilikaa zaidi ya saa tatu, nikaona kwamba watu wale waliochora kwa vizazi vingi walipandishiana kazi. Pana mchoro mwekundu mwembamba, juu yake pana mwekundu mwingine, na juu ya yote pana ile minene myeupe ya watu wa baadaye. Na hakuna aliyefuta cha mwenzake ili apate nafasi yake. Jiwe lenyewe, madoa na mikwaruzo yake, linaonekana katikati ya yote hayo. Ndipo nilipofahamu kwamba kilichonifaa mimi mtu wa batiki kilikuwa ule upandishaji wa tabaka, na kwamba wale twiga nilipaswa kuwaacha walipo. Tangu hapo sipaki nta kuifunika rangi ya kwanza yote. Huacha sehemu zake zipenye hadi mwisho, hata pale ambapo hazina kazi. Mihuri ile niliitupa jikoni ikawa ya kushikia masufuria ya moto.

Kuhusu picha za simu nitasema kidogo tu, maana najua utaniona mzee. Mary Leakey, yule mtafiti Mwingereza, mwaka 1951 alikaa katika vilima vile akiinakili michoro hiyo kwa mkono. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema kwamba mkono ukichora ufa wa tope unalazimika kuamua ufa unaanzia wapi na kuishia wapi, na simu haikulazimishi kuamua chochote. Chora kwanza, hata vibaya, ndipo upige picha.

Watu wakifika Dodoma mwezi huu husema hapa ni pakavu, hapana rangi. Mimi nimekulia katika ukavu kuliko huu. Mwaka 1979, nikiwa na miaka tisa, serikali kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, iliondoa mifugo yote katika eneo letu la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Babu yako aliwapeleka ng'ombe wake kwa ndugu wa mbali, na jioni ile zizi likawa kimya hadi tukashindwa kula. Makorongo mekundu yalikuwa yamekata ardhi mpaka nyuma ya nyumba, nasi watoto tulikuwa tukicheza ndani yake na kuhesabu mistari ya udongo ukutani: uliopauka, wa kutu, wa ini, na ule mweusi kidogo wa juu ambao ndio ulikuwa ukihitajiwa na watu na mbuzi. Kisha mwaka baada ya mwaka majani yakarudi, nasi tukapoteza mahali pa kuchezea. Hadi leo nikichanganya kahawia kwenye beseni huwa naulizana na zile kuta. Kwa hiyo anayesema Dodoma haina rangi amezoea kuhesabu kijani peke yake, ambayo hapa kwetu ni mgeni wa kuanzia Desemba hadi Aprili.

Mambo ya kila siku hayahitaji kusafiriwa. Jumamosi nikipata nauli huenda mnadani Msalato, baba yako akidhani nafuata nyama choma, na kweli nyama huila, lakini nusu saa ya kwanza husimama kwenye uzio kutazama migongo ya ng'ombe. Hakuna fundi wa michoro anayethubutu kuweka doa mahali ambapo ng'ombe huwekewa: moja kubwa begani, kisha ubavu mzima mtupu, kisha vitone vitatu karibu na mkia. Ukijaribu kupanga hivyo kwenye karatasi mkono unakataa, unataka kusawazisha. Nimejifunza kuuzuia mkono kwa kumkumbuka ng'ombe fulani mwenye baka jeupe, ambaye mwenyewe aliuzwa zamani.

Na mbuyu ule ulioko njia ya kwa mjomba wako unaukumbuka. Ulikuwa mdogo nilipokupeleka tukangoje maua yake, ukalia kwa sababu ya mbu. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, jeupe, kubwa kama kiganja, limening'inia kichwa chini, na usiku popo hulijia. Kesho yake linaanza kuchakaa na kuanguka. Harufu yake si nzuri, na wewe ulisema wazi kwamba linanuka. Sikupata mchoro wowote jioni ile, na hadi leo sijapata. Nakutajia ili usidhani kila matembezi hulipa.

Umesema Dar es Salaam hakuna pa kwenda isipokuwa foleni na maduka. Sikubali. Panda kivuko uende Kigamboni na kurudi, ukitazama namna maji yanavyojikunja nyuma ya kivuko na wapi mkunjo unapopotea. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi. Siku ukiwa na nafasi, nenda msitu wa Pugu. Lakini zaidi ya vyote, chagua mahali pamoja, hata kama ni muuza machungwa wa kituoni kwako anayeyapanga kwa mafungu, upatembelee Jumamosi nne mfululizo ukiwa na kero ileile. Mimi mara ya kwanza huona kile ambacho kila mtu anakiona, na mara ya pili huchoshwa. Mara ya tatu ndipo hutokea kitu, nacho aghalabu ni kidogo mno hata huoni haja ya kumsimulia mtu. Msimamizi wako, simjui, lakini katika hili naona alikusema kwa haki: michoro ile mitatu uliyonitumia ni mizuri, na yote niliiona kama nimewahi kuiona.

Sasa na mimi nina swali, nawe ndiye uliyesomea mambo ya rangi chuoni. Msimu wa pili huu nahangaika na zabibu za mjomba wako kule Hombolo. Ukiiangalia ikiwa mtini siyo zambarau; ina ukungu mweupe juu yake kama vumbi la unga, na ukiigusa kidole kinaacha alama na zambarau inatokea chini. Nautaka ule ukungu, pamoja na alama ya kidole. Nta nikiipaka nzito inaziba rangi yote, nikiipaka nyepesi inapasuka na kunirudisha kwenye tope la Bahi, ambako sitaki kurudi kwa sasa. Nimeharibu mita kumi na mbili. Nimemwomba mjomba wako aache vichala viwili bila kuvikata hadi Jumamosi ya wiki ijayo, naye amekubali kwa shingo upande kwa sababu ya ndege. Ukitoka kazini Ijumaa panda treni ya umeme, baba yako atakuja kukupokea stesheni. Njoo na penseli zako laini, karatasi ninazo.

Ni mimi mama yako.