Usiizike Kompyuta Kabla Hujapima Joto la Prosesa

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma Dodoma. Nimemwomba ruhusa niuweke hapa bila jina lake, akakubali.

"Kaka, shikamoo. Kompyuta yangu ya mezani inajizima kila nikianza kurenda video. Nikiandika au nikiingia mtandaoni haina shida. Nikibonyeza kurenda tu, dakika nne tano, giza. Fundi amesema madabodi imekufa, nimletee 250,000 anitafutie nyingine au niiuze spea. Jumamosi natakiwa kumkabidhi mteja kazi. Nifanyeje?"

Kurenda ni kuiachia kompyuta iunganishe ulichohariri kiwe video kamili, na madabodi ni ile bodi kuu inayoshika vyote. Niliiweka simu mezani nikakaa kimya kidogo. Maneno hayo nayajua. Niliambiwa mimi mwaka 2019, karibu neno kwa neno, nikayaamini, na mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma. Nikamjibu usiku uleule: usiuze kitu, usimpe mtu hela, kesho asubuhi pima joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, kisha uniambie. Halafu nikaona niliandike jambo hili kwa ajili ya wote, maana najua wengi mnaopita hapa mnahariri video, mnarekodi muziki, mnachora ramani za nyumba. Kompyuta kwetu ndiyo shamba. Mtu akikwambia shamba lako limekufa, huwezi kuitikia tu na kwenda kuliuza.

Nianze na yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba Sinza, juu bati, dirisha moja. Mashine yangu ilikuwa ya mtumba, nimeinunua Kariakoo kwa 450,000, prosesa yake Core i5 ya kizazi cha tatu. Kwa wakati ule kwangu ilikuwa mali kubwa. Nimekatia humo video za send-off, za kipaimara, za mahafali ya chekechea, na kodi ya chumba ikawa inatoka humo. Nilifika mahali nikaamini nimeshaingia kwenye kazi, kilichobaki ni wateja kuongezeka tu.

Mwezi wa pili nikapata harusi ya 600,000. Sikuwahi kupata kazi ya bei hiyo. Mama wa bibi harusi alinipa nusu mkononi, akanishika na bega, akasema, "Mwanangu, nakuamini." Nikarekodi vizuri, nikahariri siku nane. Usiku wa kutoa kazi ndio balaa likaanza.

Feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga. Nikaizoea, wala sikujiuliza. Nikabonyeza kurenda, dakika ya 11 mashine ikazima. Nikaiwasha palepale, ikafika dakika ya saba. Nikaiwasha tena, dakika ya tatu. Ndugu msomaji, hebu rudia kuzisoma namba hizo: 11, saba, tatu. Mashine ilikuwa inaniambia yenyewe kinachoisumbua. Kila nilipoiwasha bado ina moto, ndivyo ilivyowahi kujizima. Baada ya kulala na kuamka asubuhi imepoa, ikafika tena dakika ya kumi. Kitu kibovu cha umeme mara nyingi hakikupi mpangilio kama huo. Mpangilio huo ni wa joto. Lakini nani aliyekuwa amenifundisha? Nilijua kukata picha na kupanga rangi, basi.

Nikaibeba kwa fundi. Akafungua ubavu, akapuliza vumbi kwa mdomo, akawasha, akaisikiliza kidogo, akafunga. "Madabodi imekwisha hii." Hakupima chochote. Hakugusa hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachopooza prosesa. Nikamshukuru na kumlipa 10,000 ya kuangalia.

Ya katikati niyaruke. Nilichelewesha kazi wiki tatu. Mama yule akaja mwenyewe na flashi kuchukua picha ghafi akampe mtu mwingine, nikamrudishia hela yake, na alipokuwa mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, harusi hairudiwi." Hakufoka. Angefoka ningeumia nusu tu ya nilivyoumia. Mashine nikaiuza spea kwa 90,000 kwa jirani mmoja mwenye duka la steshenari, na dada yangu akanikopea 700,000 kwenye kikoba chao nikanunua nyingine.

Baada ya miezi kama sita nikaingia kwenye lile duka kutoa kopi ya kitambulisho. Pale kaunta ilikuwepo kompyuta inafanya kazi, inachapa picha za pasipoti, foleni ya wanafunzi imejaa. Ubavuni ina stika ya studio yangu. Ile niliyoibandika kwa mkono wangu.

Nikamuuliza, hii ulibadilisha madabodi? Akashangaa. "Hapana. Niliifungua nikakuta pesti imekauka yote, nikaweka nyingine ya 8,000. Haijanisumbua tangu siku hiyo."

Shilingi 8,000. Nilipoteza kazi ya 600,000, nikauza mashine nzima kwa 90,000, nikaingia kwenye deni la 700,000, na nikapoteza imani ya mama aliyenishika bega. Chanzo chake ni uji mkavu wa 8,000. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa.

Sasa nieleze pesti ni nini, maana wengi hata hawajui kwamba ipo.

Juu ya prosesa kuna kifuniko cha chuma, na juu ya kifuniko hicho hukaa hitisinki, lile pande la alumini au shaba lenye mapezi, feni ikiwa juu yake. Ukiyaona kwa macho, yale mabati mawili yamelala sawa. Kwa kweli yana mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana, na kwenye mabonde hayo hukaa hewa. Hewa ni mbovu mno kwa kupitisha joto. Shaba inaishinda kwa zaidi ya mara 10,000. Pesti inaingia pale kuifukuza hewa. Yenyewe haipoozi kitu, na haifikii hata kidogo uwezo wa shaba, ndiyo maana hutakiwi kuijaza kama siagi kwenye mkate. Inatakiwa nyembamba, ya kuziba mabonde tu.

Pesti nyingi ni unga laini uliochanganywa na mafuta ya silikoni. Miaka ikienda, prosesa ikipata moto na kupoa kila siku, mafuta yanajitenga, mengine yanasukumwa pembeni, unabaki ule unga mkavu wenye nyufa. Hewa inarudi. Mashine za mtumba tunazonunua zimeshafanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za watu huko zilikotoka, na nyingi hazijawahi kufunguliwa pale juu ya prosesa. Tunazileta kwenye vumbi na kwenye vyumba vya bati. Joto la chumba linajiongeza juu ya joto la prosesa: chumba kikipanda digrii kumi, prosesa nayo inapanda karibu kumi.

Prosesa ina ulinzi wake. Ikikaribia kikomo, ambacho kwa nyingi za Intel ni karibu digrii 100 na kwa Ryzen nyingi (prosesa za AMD) ni 95, hujipunguza kasi yenyewe. Ndipo unapoona kompyuta inakuwa nzito bila sababu, unalaumu virusi, unalaumu Windows, unapiga Windows upya. Joto likizidi kupanda, inajizima isiungue. Mashine inayojizima hivyo mara nyingi ni nzima, inajiokoa.

Mara yangu ya kwanza kufungua ilikuwa kwenye ile mashine ya mkopo. Nilipima kwanza: 97 wakati wa kurenda. Mikono ilitetemeka. Nikachomoa umeme, nikaondoa hitisinki, nikaigeuza. Ilikuwa imeshika ukoko wa kijivu, kama ule wa chini ya sufuria ya wali, ukiugusa kwa kucha unabanduka vipande vipande na mwingine unakuwa vumbi. Nikakwangua taratibu kwa kadi ya zamani ya simu, nikachukua kitambaa na spiriti, nikafuta. Nikafuta tena. Ukoko ulipoisha, maandishi ya prosesa yakajitokeza juu ya chuma, jina lake na namba zake, yanang'aa kana kwamba imetoka kiwandani juzi. Nikasubiri pakauke kabisa. Nikaweka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya mbaazi, nikaikalisha hitisinki wima, nikaibana.

Nikawasha, nikarenda video ileile. 68.

Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya namba. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenigusia mashine yangu, na nimezifungua za rafiki zangu zaidi ya 20. Hilo najivunia, silifichi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, pima joto. Kuna programu za bure kama Core Temp na HWMonitor, pakua kwenye tovuti zao wenyewe. Angalia namba ikiwa imetulia, halafu angalia ikiwa kazini. Ikiwa imetulia na iko kati ya 35 na 50, hapo pazuri. Ikiwa hujafungua programu yoyote ya kazi na inasoma 80, tayari unajua pa kuanzia. Na ikijizima huku joto liko 60, basi pesti haihusiki, kaangalie pawa saplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme. Ndiyo maana nasema pima kwanza. Kupima hakukugharimu kitu.

Pili, fungua, safisha vumbi kwenye mapezi na feni, kisha badilisha pesti. Spiriti yenye alkoholi ya asilimia 90 na zaidi ndiyo nzuri. Ukikosa, ya duka la dawa itafuta, lakini iache ikauke vizuri. Usiweke pesti mpya juu ya ukoko wa zamani. Usitumie dawa ya meno hata kama umeona mtu mtandaoni. Ina maji, maji yanakauka haraka na unarudi kulekule. Zile pesti za chuma cha maji zenye gali (metali ya galiamu), achana nazo kabisa kama ndio unaanza. Gali inakula alumini, na ikidondokea kwenye bodi inapitisha umeme.

Kwa wenye Ryzen za soketi (kiti cha prosesa kwenye madabodi) ya AM4, sikilizeni hapa. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inashika kama gundi. Ukivuta hitisinki kwa nguvu unaweza kung'oa na prosesa, pini zikapinda. Iwashe kwanza kama dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, halafu izungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinyanyua. Na wenye prosesa kama ile yangu ya kizazi cha tatu: chini ya kifuniko kuna pesti nyingine ya kiwandani. Hiyo iache, usijaribu kubandua kifuniko.

Siwachukii mafundi. Wapo waaminifu na wenye mikono ya dhahabu, yule jirani wa steshenari hajasomea popote na aliona kilichowashinda wengine. Ninachotaka ni umwambie fundi akuonyeshe namba. Umekaa naye, kompyuta yako, hela yako. "Naomba nione joto kabla hujaniambia imekufa." Ukiona anakasirika kwa ombi hilo, beba mashine yako uondoke. Vijana, tunafanya kazi usiku kucha, tunakopa, tunawaahidi watu siku zao kubwa ambazo hazirudi, halafu chombo kinachotulisha hatukijui hata ndani kilivyo. Tutaendelea kulipia ujinga huo mpaka lini? Jifunze kuifungua. Jifunze kuipima.

Kijana wa Dodoma alipima Jumatano asubuhi. Mashine imetulia, haifanyi lolote: 88. Nikamwambia afungue ubavu anipigie picha ya hitisinki kabla hajaigusa. Picha ikaja. Ilikuwa ya Intel ya miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ulikuwa umechomoka, unaning'inia hewani. Alipoitoa, pesti ilikuwa kavu pande zote, na upande wa ule mguu ilikuwa haijagusana na chuma kabisa. Nikamweleza: safisha, weka tone, kisha bana miguu kwa kukatisha, huu na wa mkabala wake, na kila mmoja mpaka usikie mlio wake. Usiposikia mlio, haujaingia.

Jana saa tatu usiku akatuma picha nyingine. Video imefika asilimia 64, joto 71, na pembeni ya meza kuna sindano ya pesti ambayo hata nusu hajaitumia.